Pampu ni nzima, sukari haishuki: nichomeke wapi tena?

Bi Mshauri, asalamu aleikum.

Nina miaka 41, naishi Seeb, Muscat. Kisukari aina ya kwanza ninacho tangu nina miaka 13, wakati huo niko Unguja. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikijidunga kwa sindano, mara mbili kwa siku, baadaye mara nne. Pampu ya insulini huu ni mwaka wa 11 naivaa. Ni ile ya mrija, inasaidiana na sensa ya sukari ya mkononi, kanula (kijirija kinachobaki chini ya ngozi) ni ya plastiki ya milimita 9, na seti, yaani mrija na kanula yake, nabadilisha kila siku ya tatu. Siku zote nachomeka tumboni, kulia na kushoto ya kitovu, kwa sababu pale hapaumi na naona ninachokifanya.

Tangu mwaka jana mambo yamevurugika. Seti ikiwa mpya sukari inakwenda vizuri kiasi. Siku ya pili mchana inafika 14 mpaka 17 (milimoli kwa lita), napiga bolasi, yaani dozi ya mara moja, haishuki, naongeza nyengine, halafu saa nane za usiku inaporomoka mpaka 3. Pampu hailii kuwa imeziba. Mara nyengine nikichomoa nakuta kanula imepinda katikati. Insulini ya siku nzima imepanda kutoka yuniti 38 mpaka 54, na uzito wangu ni ule ule. Nyumbani wananiambia insulini inaungua kwa joto la huku. Juu ya hayo plasta inaniwasha, na kiangazi inabanduka yenyewe.

Nimeambiwa nihamie matakoni, na kwamba zipo seti za sindano ya chuma. Sasa nitakaaje? Na mrija utapita wapi ndani ya abaya? Chuma nacho nakiogopa. Naomba unishauri.

Mama wa Seeb

*

Wa aleikum salaam, bibie.

Tuanze na joto, kwa sababu hilo unaweza kulipima mwenyewe leo. Insulini iliyofunguliwa huvumilia joto la chumbani, chini ya nyuzi 30, kwa takriban wiki nne. Ndani ya pampu watengenezaji hawataki ivuke nyuzi 37, na Muscat ya mwezi wa Juni, nje, huivuka kwa urahisi. Kwa hiyo watu wa nyumbani hawajasema upuuzi. Lakini insulini iliyoungua haina habari na siku ya pili wala ya kwanza. Inakuwa dhaifu popote utakapoichoma. Fanya hivi: siku sukari imegoma kwa saa mbili au tatu, vuta dozi ya kusahihisha kutoka chupa ile ile kwa bomba la sindano la insulini, uchome kwenye paja ambalo hujawahi kulitumia. Sukari ikianza kushuka ndani ya saa moja na nusu hadi mbili, insulini ya chupa ni nzima na kosa huenda liko tumboni. Isiposhuka hata hapo, mwaga chupa. Baada ya sindano kama hiyo kumbuka jambo moja: pampu yako haijui kwamba umejidunga. Kama ni ya kujirekebisha kwa sensa, itoe kwenye hali ya kujiendesha kwa saa nne hivi, la sivyo itakuongezea insulini juu ya insulini.

Kwa dalili ulizoandika, mimi naweka shaka yangu kwenye tumbo. Piga hesabu: kila siku ya tatu ni matundu 120 na ushei kwa mwaka, kwa miaka 11 ni zaidi ya 1,300, yote kwenye viganja viwili vya ngozi. Weka na sindano za kabla ya hapo. Insulini yenyewe hukuza chembe za mafuta pale inapomwagwa kila mara, na jeraha la kila tundu huacha kovu dogo. Matokeo yake ni manundu ya mafuta chini ya ngozi. Hayaumi, na hilo ndilo linalowaponza watu, kwani hisia pale imekufa ganzi kidogo, mtu anapapenda, anarudia. Ndani ya nundu damu hupita vibaya. Insulini inakaa imelala, sukari inapanda, unaongeza bolasi mbili tatu, kisha yote inaachiliwa kwa pamoja usiku. Ile 17 ya mchana na ile 3 ya saa nane za usiku zina mama mmoja.

Yatafute kwa vidole, macho hayatoshi. Lala chali, paka tumbo sabuni yenye maji au losheni, upitishe ncha za vidole vitatu taratibu kutoka ubavuni kuja kwenye kitovu, ukibonyeza kidogo. Utahisi mahali laini panabadilika na kuwa pazito, kama kuna kitambaa kimekunjwa chini. Simama urudie, maana mengine hujitokeza ukisimama tu. Halafu bana ngozi kwa vidole viwili: ngozi nzima hubanika nyembamba, yenye nundu hukataa. Zungushia mpaka wa kila nundu kwa kalamu na upige picha kwa simu. Hiyo picha ndiyo utakayompelekea daktari, na ndiyo utakayolinganisha nayo baada ya miezi mitatu. Kliniki yenye mashine ya ultrasaundi inaweza kuona hata yale ambayo vidole havikuyahisi.

Yote yaliyo ndani ya mistari hiyo yapumzike. Miezi mitatu ni mwanzo tu, sita ni bora, na ya miaka mingi huchukua zaidi. Usiende ukarudi, leo ngozi nzima, keshokutwa nundu. Kuchanganya huko ni hatari kuliko kubaki pamoja na nundu, kwa sababu dozi ya mahali pamoja haifai mahali pengine. Kama lipo gumu sana ambalo miezi imepita na halipungui hata kidogo, onyesha. Zipo protini za insulini ambazo hujikusanya chini ya ngozi na kuwa uvimbe wa amiloidi. Mwaka 2020 wadhibiti wa dawa wa Ulaya na Uingereza waliagiza onyo juu yake liandikwe kwenye karatasi za insulini zote. Uvimbe huo unaweza kubaki hata ukipumzishwa, na insulini inayomwagwa humo hunaswa.

Sasa la dozi, na hapa naomba usome mara mbili. Siku utakapohamia kwenye ngozi nzima, yuniti 54 zitakuwa nyingi mno. Mwili wako haukuwa ukizipata zote. Sehemu ilikuwa ikipotelea kwenye manundu. Miongozo ya wataalamu iliyotolewa mwaka 2016 inasema punguzo huwa mara nyingi zaidi ya asilimia 20. Ukikata asilimia 20 ya 54 unabaki na 43 hivi, na usistaajabu ukiishia karibu na ile 38 ya zamani. Kwa hiyo kabla ya kuhama ongea na kliniki yako ikupangie: kwa kawaida dozi ya msingi (ile inayoingia polepole saa zote) hushushwa hadi asilimia 80 kwa siku tatu za mwanzo, na bolasi za chakula na za kusahihisha hupunguzwa nazo. Siku hizo pima saa nane za usiku hata kama sensa inaonyesha shwari, na weka juisi au glukosi ya unga pembeni ya kitanda. Pampu ya kujirekebisha usiiamini haraka. Imejifunza mahitaji yako kutokana na siku zilizopita, na siku hizo zilikuwa za tumbo bovu.

Uhamie wapi? Umeambiwa matakoni, na umeambiwa kweli, ila neno hilo linawatisha watu bure. Hatuzungumzii unapokalia. Weka kiganja juu ya mfupa wa nyonga, dole gumba likitazama mbele; vidole vinne vinapoangukia nyuma, sehemu ya juu ya tako upande wa nje, ndipo. Ukikaa kwenye kiti hapagusi. Pana mafuta ya kutosha kwa watu wengi, hata wembamba, na misuli yake haichezi sana kama ya paja. Kila upande unaweza kupata matundu sita yaliyoachana sentimita tatu. Pande mbili ni 12, na kwa siku tatu tatu unamaliza siku 36 kabla ya kurudi kwenye tundu la kwanza. Ongeza mbavu za tumbo, nyuma ya mstari wa ubavu, kama vidole vyako vimekuta ni safi. Epuka mahali mkanda wa sketi unapobana, na kama unavaa shanga kiunoni, zinapolalia. Mapaja ya nje yanafaa kwa akiba, lakini ukitembea sana au ukifanya mazoezi insulini huingia haraka zaidi, na mrija hunaswa kila unapovua nguo. Mkono wa sensa uache kwa sensa; zikikutana mahali pamoja ziache nafasi ya sentimita nane hivi.

Kwa mrija ndani ya abaya, omba wa sentimita 110 badala ya 60. Pampu ikae kwenye mfuko wa sidiria au mkanda wa paja, mrija upite ndani ya nguo ya chini, na uufanyie kitanzi kimoja ukibandikwa kwa plasta karibu na tundu, ili ukivutwa kivutike kitanzi. Mrija mrefu hula insulini zaidi wakati wa kuujaza, hilo tu.

Kuhusu kanula. Milimita 9 inaweza kuwa ndefu kwako. Kwa mtu mwembamba inagonga msuli, inapinda, na siku ile ile sukari inapanda. Ngozi ya mtu mzima, mwembamba kwa mnene, ina unene wa milimita mbili hivi, mafuta yanaanza hapo. Milimita 6 inatosha wengi. Kupinda kwa plastiki pia kunatokea pale kifyatulio (kifaa cha kuchomekea) kinapobanwa kwenye kovu: sindano inapita, plastiki inakataa. Ndiyo maana sindano ya chuma ina sifa yake. Haipindi kabisa. Kuna urefu wa milimita 6 na 8, unaisukuma kwa mkono bila kifyatulio, na kwa aina nyingi mrija huungwa kwenye kibandiko cha pili sentimita kumi mbali, hivyo mrija ukivutwa sindano haitikisiki. Uchungu wake ni wa sekunde moja, na wengi baadaye hawaihisi. Hasara ni mbili: hubadilishwa kila siku ya pili, siyo ya tatu, na wenye mzio wa nikeli inaweza kuwasumbua. Zipo pia kanula za plastiki za kuingia kwa pembe, milimita 13 au 17, zinazoteleza kwa nyuzi 30 mpaka 45 na zina kidirisha cha kuangalia tundu. Hizo zinasaidia penye mafuta haba. Mimi ningekuanzishia chuma cha milimita 6 kwa wiki mbili. Sukari ikitulia, tumejua kwamba kupinda kulikuwa sehemu ya tatizo. Isipotulia, tumejua siyo. Na seti za siku saba unazosikia zimeanza kutoka Ulaya na Marekani, ni nzuri kwa ngozi nzima. Kwako kwa sasa hapana.

Kubadilisha kwenyewe kuna saa yake. Badilisha asubuhi au mchana, usibadilishe unapoingia kulala, kwa sababu seti mbovu hujionyesha baada ya saa mbili au tatu na wewe unatakiwa uwe macho. Ramadhani ifanye alasiri. Baada ya daku wengi hulala, na ikigoma hapo mtu anaamka na ketoni, asidi zinazojaa damuni insulini ikikosekana. Toa chupa ya insulini kwenye friji mapema ipate joto la chumba, kwani ikiwa baridi hutoa vipovu ikishapata joto ndani ya pampu. Kipovu cha sentimita mbili na nusu kwenye mrija ni karibu nusu yuniti ambayo hukuipata. Jaza mrija mpaka tone litoke kwenye ncha ya sindano. Nawa mikono, safisha ngozi, na kama ni spiriti iache ikauke yenyewe. Ukiipulizia mdomo umerudisha vijidudu. Choma, kisha kama ni kanula ya plastiki jaza kanula: yuniti 0.3 kwa milimita 6, yuniti 0.5 kwa milimita 9. Chuma hakijazwi, kwa sababu kilishajaa na mrija. Watu wengi wanaohama aina moja kwenda nyingine hupitwa na hili, kisha wanashangaa mbona saa ya kwanza sukari imecheza. Seti ya zamani usiichomoe mara moja kama ulipiga bolasi nusu saa iliyopita. Iache kwa saa moja au mbili, maana insulini bado iko palepale.

Ukichomoa, itazame kabla ya kutupa. Kanula iliyopinda inasema kina au kovu. Damu ndani ya kanula inasema umegonga mshipa mdogo, na damu ikiganda huziba. Plasta iliyolowa, au harufu kali kama ya dawa ya kuua vijidudu, ni insulini iliyovuja nje. Harufu hiyo ni ya fenoli na kresoli zinazotiwa kuihifadhi. Kwa bolasi kubwa kwenye tundu linalovuja, zipige taratibu kama pampu yako inaruhusu, au igawe mara mbili.

Umesema pampu haikulia. Usingoje ilie. Kengele ya kuziba hupima shinikizo, na kwa dozi ya msingi ya chini ya yuniti moja kwa saa linaweza kuchukua saa nyingi kujikusanya. Insulini ikivuja nje, shinikizo halipandi kabisa, na pampu itasema mambo yote sawa. Kwa sababu pampu haina insulini ya muda mrefu chini yake, saa nne hadi sita bila kuingia chochote zinatosha ketoni kuanza kujaa. Kanuni ni hii: sukari ikizidi 14 mara moja, piga bolasi ya kusahihisha kwa pampu na upime ketoni za damu. Ketoni chini ya 0.6, ngoja saa mbili. Ikiwa haijashuka, acha kubishana na tundu hilo, jidunge kwa peni ya insulini na ubadilishe seti mahali pengine. Ketoni ni 0.6 au zaidi tangu mwanzo, peni na seti mpya wakati huo huo, maji mengi, pima tena baada ya saa moja au mbili. Kati ya 1.5 na 3 piga simu kliniki. Ikipita 3, au ukitapika, au ukipumua kwa kina na haraka, nenda hospitali, usichomeke seti nyengine kwanza. Kwa hiyo peni ya insulini ya haraka na sindano zake zisikose mkobani. Ukisafiri Unguja, weka na peni ya insulini ya muda mrefu kwa siku ambayo pampu itakufa, pamoja na dozi yake iliyoandikwa.

Plasta. Kama unajipaka mafuta ya nazi baada ya kuoga, pale pa kuchomekea paache kavu tangu usiku uliopita. Mafuta na gundi havipatani, na huenda nusu ya kubanduka kwako ni hilo. Kwa jasho, paka kimiminika cha kuongeza gundi, kikae dakika moja mpaka kinate, halafu bandika. Kwa kuwasha, paka filamu ya kinga ya wagonjwa wa stoma (tundu la choo lililofunguliwa tumboni), iache ikauke kabisa, au weka kipande cha haidrokoloidi (plasta laini ya vidonda) chini ya plasta ukichome kwa kupitia. Ukibandua tumia mafuta hapo, yale yale ya nazi yatafaa. Pembe moja, ukirudisha plasta nyuma juu ya yenyewe, usiivute juu. Wekundu wenye umbo kamili la plasta, wenye malengelenge, unaorudi kila mara, unaweza kuwa mzio wa akrilati za kwenye gundi. Huo unahitaji daktari wa ngozi na seti ya gundi tofauti, na krimu za dukani zitauficha tu.

Wekundu wa ukubwa wa sarafu unaofifia kwa siku moja si kitu. Ukitanuka, ukiwa wa moto, ukiuma ukibonyezwa au ukitoa usaha, chomoa papo hapo hata kama seti ni ya jana, usikamue, chora mpaka wake kwa kalamu, na onyesha siku hiyo hiyo. Siku hizo sukari hupanda kwa ajili ya maambukizi yenyewe, kwa hiyo lile punguzo la dozi tulilolipanga lisimame mpaka daktari akuone.